Fizi: Hospitali ni Karibu, Njia ni Mbali

Kwenye majedwali ya Wizara ya Afya ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, umbali huandikwa kwa kilomita. Kijiji hiki kiko kilomita 6 kutoka kituo cha afya, kile 14, kile kingine 30. Wilayani Fizi, kusini mwa jimbo la Kivu Kusini, watu wana kipimo chao. Kabla ya kumlaza mgonjwa kwenye machela na kuanza kuteremka mlima, wanaulizana: tutapita vijiji vya nani? Pale mtoni wiki hii kuna kizuizi cha kundi gani? Na tukifika, atakayetupokea atatuelewa tukisema, au atatutazama kwa jicho la shaka?

Majibu yakiwa mabaya, kituo kilicho mwendo wa saa mbili huachwa, na mgonjwa hubebwa siku nzima kuelekea upande mwingine, kwenye kituo kinachohesabiwa kuwa cha kwao. Au hubaki nyumbani.

Kupanga huduma za afya kwa jamii zenye makabila mengi ni kazi ngumu popote duniani. Fizi na mji wake mkubwa, Baraka, zinaonyesha ugumu huo ukiwa wazi kabisa, kwa sababu hapa kabila limefungamana na mwinuko wa ardhi, na riziki, na lugha, na kumbukumbu za vita. Mpangaji anayehesabu vitanda na katoni za dawa peke yake atashangaa kuona vitanda vitupu upande mmoja na makaburi mapya upande wa pili.

Mwambao na milima

Baraka imekaa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, takriban kilomita 90 kusini mwa Uvira, kwenye ghuba iliyokingwa na rasi ya Ubwari. Ramani za kale huiita ghuba ya Burton, kwa jina la Mwingereza Richard Burton aliyepita ziwani hapa mwaka 1858. Wakati huo misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilikuwa tayari inavuka maji kutoka Ujiji, na Kiswahili kilichokuja nayo kilipata makao. Leo ndicho kinachouza samaki na kupatanisha majirani katika mji ambamo husikika pia Kibembe, Kibuyu, Kizoba, Kifuliru, Kinyamulenge na Kirundi.

Wabembe ndio wengi wilayani. Mwambaoni wanaishi pamoja na Wabwari na Wazoba, wavuvi wa tangu zamani. Ukipanda magharibi unafika kwenye nyanda za juu za Minembwe na Itombwe, ambako Wanyamulenge hufuga ng'ombe jirani na Wabembe, Wafuliru na Wanyindu wanaolima. Katika misitu ya Itombwe wamo Watwa. Kusini, upande wa Ngandja, machimbo ya dhahabu ya Misisi yamevuta vijana wa kila kabila la Kivu na zaidi ya Kivu.

Ziwa liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Nyanda za juu zinapita mita 2,000, na mahali pengine zinakaribia 3,000. Tofauti hiyo ya mwinuko ni tofauti ya magonjwa. Chini mwambaoni malaria ni ya mwaka mzima, na mtoto anayeokoka mashambulizi ya miaka ya mwanzo hukua na kinga fulani mwilini. Juu kwenye baridi mbu ni wachache, kwa hiyo anayeteremka hana kinga hiyo, awe mchungaji anayefuata malisho ya kiangazi au familia inayokimbia risasi. Malaria inayompa mvuvi homa ya siku mbili inaweza kumwangusha kabisa mtu mzima aliyetoka Minembwe wiki iliyopita.

Mwambaoni kuna kipindupindu. Kutoka Uvira hadi Kalemie, kando ya ziwa lote upande wa Kongo, ugonjwa huu umekuwa mgeni asiyeaga. Wavuvi na familia zao hunywa, huoga na hufua kwenye maji yaleyale. Utafiti uliofanywa Uvira kwa kufuatilia miaka ya 2009 hadi 2014 ulionyesha kwamba mabomba yakikauka siku moja, wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu huongezeka zaidi ya maradufu katika siku 12 zinazofuata. Bomba la maji, basi, ni sehemu ya mpango wa afya sawa na chumba cha sindano.

Kwa hiyo anayesema kwamba ugonjwa hauchagui kabila anasema nusu ya kweli. Vidudu havichagui. Lakini kabila hapa limeamua kwa karne nyingi nani akae kwenye maji, nani akae kwenye majani, nani akae msituni, na vidudu vinamkuta kila mmoja pale alipo.

Zoni nne, mistari mingi

Mwaka 1978, katika mkutano wa Alma-Ata, mataifa ya dunia yalikubaliana kwamba afya ianzie kijijini, si kwenye hospitali kubwa za miji mikuu. Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo, ililichukua wazo hilo kwa uzito. Katika miaka ya 1980 nchi iligawanywa katika zoni za afya 306. Baadaye zikaongezwa, na leo zimezidi 500. Kivu Kusini ina zoni 34. Nne kati yake zimo wilayani Fizi: Fizi yenyewe, Nundu, Kimbi-Lulenge na Minembwe.

Kila zoni ina hospitali kuu ya rufaa na daktari mkuu anayesimamia zoni nzima. Chini yake kuna maeneo ya afya, na kila eneo lina kituo kinachoongozwa na muuguzi ambaye wenyeji humwita titulere. Kisha kuna kamati ya maendeleo ya eneo la afya, maarufu kama kodesa, inayotakiwa kukaa na muuguzi na kupitia hesabu za dawa na fedha. Na kuna wale wanaoitwa reko: majirani wa kujitolea wanaozunguka nyumba kwa nyumba, wakijua nani ana mimba, nani ameanza kuhara na mtoto gani hajapata chanjo.

Ni mpangilio mzuri. Ulinusurika kuanguka kwa serikali ya Mobutu na vita viwili vikubwa, kwa sababu zoni iliweza kuendelea kufanya kazi hata mawasiliano na Kinshasa yalipokatika. Makanisa yalibeba mzigo mkubwa. Hospitali ya Nundu ni ya Kanisa la Methodisti Huru. Lemera, katika wilaya jirani ya Uvira, na Panzi ya Bukavu ni za jumuiya ya Kipentekoste inayojulikana kama CEPAC.

Ugumu unaanza pale mstari unapochorwa. Kwa mtaalamu aliye ofisini, mpaka wa zoni au wa eneo la afya ni njia ya kugawa watu ili wauguzi watoshe. Kwa mwenyeji wa Fizi, mstari ni ardhi, na ardhi ndiyo chanzo cha damu nyingi iliyomwagika. Mwezi Septemba 2020, Minembwe ilipotawazwa kuwa manispaa, kelele zilisikika hadi Kinshasa, na kabla ya Oktoba kufika katikati Rais Félix Tshisekedi alitangaza kuusimamisha uamuzi huo. Manispaa si zoni ya afya. Lakini tukio hilo linamfundisha kila mpangaji kwamba hapa hakuna mpaka unaosomwa kama mpaka wa huduma peke yake. Kituo kipya kikijengwa ng'ambo hii ya mto, ng'ambo ile watauliza kimejengwa kwa ajili ya nani.

Kuhesabu bila kuchonga alama

Sensa ya mwisho ya nchi nzima ilifanyika Kongo mwaka 1984. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo ana umri wa kuwa babu au bibi. Tangu hapo idadi ya watu wa Fizi hukadiriwa kwa kuongeza asilimia fulani kila mwaka, kana kwamba watu wamekaa walipokuwa. Hawakukaa. Walikimbilia Tanzania, wakarudi. Walipanda mlimani, wakashuka. Waliingia machimboni, na vijiji vizima vikachomwa. Chanjo zikiagizwa kwa idadi ya makadirio, huenda zikabaki kwenye kijiji kilichohamwa na zikakosekana kwenye mji uliopokea wakimbizi wa ndani. Ndiyo maana daftari la reko mzuri, aliyehesabu kwa miguu yake, lina thamani kuliko jedwali lililochapwa vizuri.

Je, kabila liandikwe? Uingereza ilianza kuuliza swali hilo katika sensa ya 1991, na kuanzia 1995 hospitali zake zikatakiwa kuandika asili ya wagonjwa waliolazwa. Lengo lilikuwa jema: kuona ni jamii zipi zinapitwa na huduma. Mahali ambapo serikali inaaminika na sheria inalinda karatasi za mgonjwa, takwimu kama hizo zimesaidia.

Fizi si mahali hapo. Orodha yenye majina na makabila ikiangukia mikono mibaya, inageuka orodha ya kuwinda watu. Jirani Rwanda inajua: kadi za utambulisho zilizoandikwa kabila zilitumika kuua kwenye vizuizi vya barabarani mwaka 1994, na baada ya mauaji ya kimbari kipengele hicho kikafutwa. Mpangaji wa Fizi anahitaji kujua mambo mengine, ambayo yatamsaidia bila kumhatarisha mtu: kijiji kinazungumza lugha gani nyumbani, kinaishi kwa kazi gani, watu wake hupita njia ipi kufika kituoni, na njia hiyo hufungwa miezi ipi. Ukijua hayo, umejua unachohitaji kwa kupanga, na sajili ya hospitali haina alama ya kumtenga yeyote.

Kumbukumbu inayosubiri kwenye foleni

Mtu wa Fizi haingii hospitalini akiwa na ugonjwa peke yake. Anaingia na anayoyakumbuka.

Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa na wagonjwa wakauawa vitandani. Daktari Denis Mukwege, aliyekuwa akiiongoza, hakuwepo siku hiyo. Baadaye alianzisha Panzi, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa kazi yake ya kuwatibu wanawake waliobakwa vitani. Siku za mwisho za 1998, wanakijiji wa Makobola, kwenye barabara ya Uvira kwenda Baraka, waliuawa kwa mamia. Wengi walikuwa Wabembe. Tarehe 13 Agosti 2004, kwenye kambi ya Gatumba ng'ambo ya mpaka wa Burundi, waliuawa wakimbizi zaidi ya 150 wa Kongo, wengi wao Wanyamulenge. Kila jamii ina kaburi lake la pamoja na tarehe yake. Na tangu mapigano ya nyanda za juu yalipopamba moto upya mwishoni mwa miaka ya 2010, vijiji vya pande zote vimechomwa, na vituo vya afya vimeporwa magodoro, dawa na sola.

Mpango wa afya hauwezi kufuta tarehe hizo, ila unaweza kuzikumbuka. Unapomchagua mlinzi wa lango, muuguzi wa zamu ya usiku au dereva wa gari la wagonjwa, unachagua pia nani ataogopa kuja. Timu yenye watu wa jamii mbalimbali ina faida ya kitabibu: mama wa kabila dogo akiona sura moja anayoijua nyuma ya meza, atarudi kliniki mara ya pili na ya tatu, na mimba yenye matatizo itagunduliwa mapema. Lakini hapa pia kuna mtego. Muuguzi anayepelekwa kufanya kazi kwa watu waliopigana na watu wake anahitaji kuhakikishiwa usalama na wazee wa pale, na anahitaji mshahara. Wahudumu wengi wa afya nchini Kongo hawapokei mshahara wa serikali au hupokea kidogo, na huishi kwa ada wanazolipa wagonjwa. Huwezi kumwomba mtu avuke mstari wa vita kwa posho ya kubahatisha.

Mezani kwa munganga

Wakongomani wa mashariki humwita mtabibu munganga, awe daktari au muuguzi. Mbele yake lugha tatu hukutana. Munganga husikiliza kwa Kiswahili, huandika kwa Kifaransa ambacho ndicho cha sajili zote, na mama aliye mbele yake huenda anawaza kwa Kibembe cha mlimani au kwa Kinyamulenge. Vijana na wafanyabiashara wanapita kwenye lugha hizo bila shida. Wanaokwama ni wanawake ambao hawajasoma, wazee, na Watwa wa msituni, nao ndio hasa ambao afya yao inahitaji uangalizi.

Mara nyingi mkalimani ni yeyote aliye karibu: mtoto wa mgonjwa, mlinzi, jirani kwenye benchi. Mama anayetokwa damu hataeleza kila kitu kupitia mwanawe wa kiume. Mwanamke aliyebakwa hatasema lolote mbele ya mtu wa kijiji chake. Usiku wa Januari mosi 2011 wanajeshi waliwashambulia wanawake mjini Fizi. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilitangaza kuwa liliwatibu 33. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi baada ya shambulio kama hilo lazima zianze ndani ya saa 72. Katika saa hizo, chumba chenye mlango unaofungwa na mtu anayeaminika kuelewa lugha ya mgonjwa na kuhifadhi siri ni sehemu ya tiba. Mwezi uliofuata mahakama ya kijeshi iliyosafiri hadi Baraka ilimhukumu luteni kanali kifungo cha miaka 20, baada ya wanawake kutoa ushahidi.

Kiswahili chenyewe si kimoja. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, uliowapata watu 3,470 na kuwaua 2,287, watafiti wa shirika la Translators without Borders waligundua huko Beni na Goma kwamba mabango yaliyoandikwa kwa Kiswahili sanifu au kujazwa maneno ya kidaktari ya Kifaransa hayakueleweka na wengi waliolengwa. Watu walitaka kuelezwa kwa lugha ya nyumbani na mtu wanayemfahamu, tena wapewe nafasi ya kuuliza. Ebola ilifika Mwenga, wilaya inayopakana na Fizi, mwezi Agosti 2019, na ikazimwa kabla haijaenea. Somo lake la lugha halihitaji kungoja mlipuko mwingine. Kila kituo kinaweza kuwa na watu wawili au watatu waliofundishwa ukalimani wa kitabibu: maneno ya maumivu, ya uzazi na ya dozi, pamoja na kiapo cha kutunza siri.

Kutoka Nyarugusu, kutoka Lusenda

Fizi imewahi kuwa mgeni, na imewahi kuwa mwenyeji. Vita vya 1996 viliwavusha ziwa maelfu kwa maelfu ya wakazi wake hadi mkoa wa Kigoma, Tanzania, ambako kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huohuo. Huko walihudumiwa bure na Chama cha Msalaba Mwekundu cha Tanzania, na baadhi ya wakimbizi wenyewe wakawa wahudumu wa afya ya jamii. Kuanzia mwaka 2005 meli zilianza kuwarudisha kutoka Kigoma hadi Baraka. Walirudi na Kiswahili cha Tanzania, na kadi za chanjo, na mazoea ya kutibiwa bila kutoa senti. Nyumbani walikuta ada. Mzazi aliyezoea kumpeleka mtoto kliniki siku ya kwanza ya homa alianza kungoja siku ya tatu, hadi auze kuku.

Miaka kumi baadaye mambo yakageuka. Mgogoro wa Burundi wa 2015 uliwaleta Warundi, na kambi ya Lusenda ikafunguliwa kati ya Uvira na Baraka, kisha eneo la Mulongwe karibu na Baraka. Swali likawa: wajengewe hospitali yao, au watumie za wenyeji? Hospitali ya kambi iliyojaa dawa, jirani na kituo cha wenyeji kisicho na kitu, ni mbegu ya chuki. Njia bora, ambayo mashirika ya wakimbizi yamezidi kuifuata, ni kuimarisha vituo vya zoni ili mwenyeji na mgeni wapange foleni moja. Hilo linahitaji fedha za wakimbizi zifike kwenye zoni nzima, na munganga wa Kibembe ajifunze maneno ya Kirundi. Linahitaji pia wenyeji waone kwa macho yao kwamba jengo jipya la wazazi limejengwa kwa ajili yao pia.

Misaada ina mwisho wake. Madaktari Wasio na Mipaka walianza kazi Baraka mwaka 2003, wakatibu kipindupindu, malaria na majeruhi, baadaye wakaenda hadi Kimbi. Mwezi Desemba 2020, baada ya mfululizo wa mashambulizi dhidi ya wafanyakazi wao, walitangaza kufunga sehemu kubwa ya shughuli zao Fizi. Aliyeumia si aliyeshika bunduki. Ni mjamzito aliyekuwa akisubiri upasuaji, wa kila kabila. Kamati ambazo zingewalinda wahudumu, zenye wazee na akina mama wa jamii zote, haziwezi kuundwa siku shirika linapofunga mabegi. Tangu waasi wa M23 wauteke mji wa Bukavu Februari 2025 na serikali ya jimbo kuhama mji huo, njia za dawa kutoka makao makuu hayo ya jimbo zimezidi kuwa ngumu, na zoni za kusini zinategemea zaidi uwezo na maelewano yao wenyewe.

Kufuata ng'ombe, kunyamazisha bunduki

Mambo mawili yaliyojaribiwa kwingine yanaifaa Fizi.

La kwanza linatoka Chad. Watafiti waliokwenda kwa wafugaji wanaohamahama waligundua kwamba ng'ombe waliochanjwa walikuwa wengi kuliko watoto waliochanjwa, kwa sababu madaktari wa mifugo walikuwa wakiwafuata na wauguzi hawakuwa wakiwafuata. Wizara mbili zikaanza kusafiri pamoja: gari moja, majokofu yaleyale, chanjo ya ng'ombe na ya watoto siku moja. Wachungaji wa Minembwe huteremsha mifugo wakati wa kiangazi kuelekea Lulenge na Ngandja, na kuhama huko kumekuwa chanzo cha ugomvi na wakulima. Timu ya mifugo na ya afya ikisafiri pamoja, na ikawachanja watoto wa wafugaji na wa wakulima kwenye kituo kimoja njiani, pande zote mbili zitakuwa na sababu ya kuiacha njia hiyo wazi.

La pili lilianzia El Salvador mwaka 1985, ambako serikali na waasi walinyamazisha bunduki kwa siku chache ili watoto wachanjwe. Wakaziita siku za utulivu. Kongo iliwahi kufanya hivyo: mwaka 1999, nchi ikiwa imegawanyika vipande mikononi mwa majeshi, mamilioni ya watoto walipata chanjo ya polio pande zote za mstari wa vita. Makubaliano kama hayo yanaweza kufanywa kwa kiwango kidogo zaidi, kati ya milima miwili na mto mmoja, kwa siku ya soko. Wanaoweza kuyafanya ni wazee, wachungaji wa makanisa na akina mama wauza mboga, ambao hupita penye vizuizi hata wakati magari yanarudishwa.

Kila mwaka titulere hukaa na kodesa na reko kuandaa kile wanachokiita mpango mdogo: karatasi yenye jina la kila kijiji, idadi ya watu na kilomita hadi kituoni. Mahali pa kuanzia ni karatasi hiyo. Iongezwe safu za lugha ya nyumbani, za njia ambayo watu hupita kweli, za miezi ambayo njia hiyo hufungwa, na ya jina la mtu wa kijiji jirani aliyekubali kuwapokea wagonjwa wa upande wa pili na kuwasindikiza hadi kituoni. Kazi hiyo ifanyike mwezi Julai, wafugaji wakiwa wameshateremka na mito imepungua, kwenye kiwanja ambacho wote wanaweza kukifikia. Kalamu ianze na safu ya mwisho, ile ya msindikizaji, kwa sababu ndiyo itakayochukua muda mrefu kujazwa.